Malalamiko Dhidi ya Mume Aliyeharibiwa na Semina ya Ndoa

Kwako Baba Mchungaji,

Amani ya Bwana iwe nawe, ingawa ya kwangu umeivuruga mwenyewe.

Mimi ni yule fundi cherehani anayeshona majoho ya kwaya. Mume wangu anachomelea mageti. Tulikuwa tumezoeana vizuri: yeye akiniuliza funguo ziko wapi, mimi nikimwambia zilipo, siku imekwisha. Kisha ukatuita kwenye semina, ukafundisha kwamba ndoa ya Kikristo huchangamshwa na wema mdogo mdogo. Wangu alikuwa anasinzia. Sikujua anasinzia huku anasikiliza. Kwa heshima zote, nalalamika hivi:

1. Asubuhi ananiletea chai kitandani. Haina sukari, maana miaka yote hii hajui nakunywaje chai. Imebidi nimweleze, naye akaniuliza mengine, tukaongea mpaka akachelewa kazini. Wateja wake wananilaumu mimi.

2. Ananiita "mpenzi", tena kwa sauti ile ile ya kumwita mtu amshikie ngazi. Majirani wanachungulia.

3. Katika kikundi cha akina mama mimi ndiye niliyekuwa tegemeo. Tukifika kwenye kuwaombea waume wagumu, wote wananigeukia. Juzi nilifumbua mdomo nikakosa la kusema, na mke wa muuza maziwa akanipokonya nafasi mchana kweupe.

4. Hili ndilo zito. Nilikuwa nimeamua kuhamia kwa dada yangu. Hatukugombana, nilichoka tu kuishi kama abiria wawili kituoni. Sikumwambia mtu nia yangu; yeye nilimwambia tu naenda kwa dada. Begi langu lilikuwa limekatika mkono wake wa chuma. Nikarudi nyumbani nikakuta ameuchomelea na kuupiga msasa usinikwaruze. Alidhani naenda kusalimia. Akasema, "Mpe shemeji salamu zangu. Ila usikae sana, mpenzi, nyumba hii huwa kubwa ukiondoka." Sasa, Baba, mtu anaondokaje hapo? Nimebaki na hasira yangu nzuri, sina pa kuipeleka.

Kwa hiyo naomba umwite ofisini, umweleze taratibu kwamba semina ile ilikuwa ya watu wengine.

Nisalimie Mama Mchungaji, wazee wa kanisa, na hata mke wa muuza maziwa.

Ni mimi, mwanakondoo wako mwenye kusumbuliwa,
Mama Cherehani

Tanbihi: Nilipokuwa nafunga bahasha mvua ikashuka, na mume wangu ameingia hapa dukani ameloa chapachapa, mwavuli ameukumbatia kwapani bila kuufungua. Nimemuuliza kulikoni. Ati alitaka mwavuli unifikie ukiwa mkavu. Tafadhali usimwite ofisini. Ila kama kuna semina ya wake, niandikishe mapema, maana nimemkausha kichwa kwa kitambaa cha mteja, na sijui cha kufanya baada ya hapo.