Namba ya Mlango wa Jepara

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeamua. Nitakuwa mkuu wa kitengo cha kompyuta. Pak Wibisono, bwana mkurugenzi wetu, atamtangaza mkuu Jumamosi. Mimi Gunarto nimezilea kompyuta za kampuni hii ya samani hapa Semarang miaka kumi na saba, na sasa watu wananong'ona jina la Ratri. Ratri! Ana miezi minane tu kazini. Kila jambo analiandikia waraka. Sijawahi kusoma hata mmoja, huo ndio msimamo wangu.

Kompyuta zikiwa nzima, hakuna anayenikumbuka. Basi lazima kitu kiharibike, kidogo tu, nikitengeneze mbele ya bosi. Nimechagua ghala la Jepara. Programu yao ya biashara huifikia seva yetu kwa anwani na namba ya mlango, yaani tundu la seva wanalopitia. Nimeingia kwenye faili lao la mipangilio nikiwa mezani kwangu, nikageuza tarakimu mbili za mwisho. Saa nne asubuhi. Kesho hawapiti. Mchana nimekula wali wa kukaanga sahani mbili.

Jumanne, 6 Agosti

Mambo yalianza vizuri. Tugiman, karani wa ghala la Jepara, alipiga simu: skrini inasema muunganisho umekataliwa. Bosi akaja kusimama nyuma yangu. Nikaomba dakika tano, kwa sauti ya daktari bingwa. Nikarudisha namba kama ilivyokuwa.

Umekataliwa.

Nikaandika upya, polepole. Umekataliwa. Nikamwambia Tugiman azime ruta na kuiwasha. Akasema ameshaizima mara tatu, labda sasa nizimwe mimi. Matawi mengine yote yanafanya kazi. Ratri akauliza kama nahitaji msaada. Nikamjibu kwamba hili ni tatizo la wakubwa.

Jumatano, 7 Agosti

Nimepanda basi hadi Jepara. Sikati tamaa. Nimebadilisha waya. Nimezima ukuta wa ulinzi wa kompyuta. Nimeifuta programu nzima na kuiweka upya. Umekataliwa, na sasa hata printa imegoma. Jana ilikuwa nzima.

Tugiman ameniletea pindang serani, supu ya samaki, akasema nile, maana hapa ghalani ni tumbo langu tu lenye matumaini ya kuunganishwa na kitu. Nalala kwake.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo nimejua jambo ambalo sikuuliza. Kontena la viti mia mbili na kumi na vinne linatakiwa bandarini kesho adhuhuri, na hati zake hutoka kwenye programu tu. Bila hati, meli inaondoka na mnunuzi anavunja oda.

Bu Sumirah, mama kiongozi wa wanawake wanaopiga viti msasa, alikuja kusimama mlangoni. Hakupaza sauti.

"Pak Gun, viti hivi tumevisugua miezi miwili. Msasa umenifuta alama za vidole, hata mashine ya mahudhurio hainitambui tena. Oda hii ikifa, nusu yetu tunarudishwa nyumbani. Wewe unangoja nini?"

Nikasema nangoja seva. Akasema seva haina haya, ila mtu anayo.

Nikaiacha chai yangu mezani. Nikaenda nyuma ya magogo ya mtiki, nikampigia Ratri. Nikamwambia nina rafiki mwenye tatizo kama hili. Akauliza:

"Pak Gun, ulisoma waraka wangu wa Ijumaa?"

Akanisomea mwenyewe. Jumatatu jioni seva ilihamia mlango mpya, kwa ajili ya usalama. Programu yake ndogo ilipita matawi yote, ikitafuta namba ya zamani na kuweka mpya. Jepara haikuikuta ya zamani. Nilikuwa nimeigeuza. Kisha nimeshinda siku tatu nikibisha kwa bidii kwenye mlango uliokwisha kuzibwa.

Akanitajia namba mpya. Tukapita. Dakika moja tu! Printa bado imekufa, kwa hiyo Ratri amezichapa hati Semarang na kesho atazipeleka bandarini mwenyewe.

Kabla hajakata simu aliniambia, "Nimeona pia nani aligusa lile faili Jumatatu saa nne. Bosi hajauliza, nami sijasema. Rudi salama, Pak."

Uso uliniwaka moto hadi masikioni.

Jumamosi, 10 Agosti

Kontena limepanda meli. Bu Sumirah na wenzake wamebaki kazini. Ratri ametangazwa mkuu, na jambo la kwanza alilomwomba bosi ni kwamba mimi niwe msimamizi wa matawi, eti nayajua kuliko yeyote. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, hata machozi yakanilengalenga. Nikamshukuru kwa moyo wote.

Njia nzima hadi nyumbani nimewaza, na kosa langu nimeliona. Jepara ni mbali mno. Kompyuta ya bosi iko hatua sita tu kutoka kiti changu. Jumatatu nitawahi kufika kabla yake.