Maumivu Niliyoyapa Sifuri

Kwa Muuguzi Mkuu, Wodi ya Mifupa

Mheshimiwa Mama,

Pokea salamu kutoka kitanda cha dirishani, ninapouguza goti jipya nililowekewa juzi. Kwa heshima zote, tena kwa uchungu, naomba yule nesi wa zamu ya asubuhi ahamishwe wodi. Sababu ni hizi:

1. Kila akija huniuliza maumivu yangu nayapa ngapi kwa kumi. Mimi nimefundisha hesabu hadi kustaafu, kusahihisha ndiyo kazi yangu. Maumivu yaliyonikesha na kunitoa matusi mbele ya shemeji yangu hayana adabu hata chembe. Nikayapa mbili.

2. Badala ya kushtuka, alitabasamu. Akaniletea kidonge cha mtu anayeumwa kichwa.

3. Kesho yake yakazidi utundu, nikayashusha hadi sifuri. Nesi akanipongeza, akasema dawa kali haihitajiki, kisha akamleta mtu wa mazoezi anikunje goti. Mama, nililia. Mtu mzima na mvi zangu, wodi nzima ikitazama.

4. Sasa nimemkumbuka. Nilimfundisha huyu, alikaa dawati la nyuma, na hakuwahi kuvuka tatu kwangu. Analipiza kisasi. Kumi, kwa taarifa yako, sijawahi kumpa mtu.

5. Kwa hiyo goti silikunji tena. Nikirudi nyumbani na mguu mkavu kama mwiko, mke wangu akanivalisha soksi hadi kaburini, lawama ni ya wodi yako.

6. Wauguzi wote wapewe mtihani wa hesabu. Maswali nitatunga mwenyewe, hapa hapa nilipolala.

Nisalimie daktari aliyenipasua, wapishi, wafagiaji, na mlinzi wa getini. Mgonjwa wa kitanda cha pili naye anakusalimu, akiacha kukoroma.

Wako mwenye kuteseka kwa nidhamu,
Mwalimu Mstaafu

Baada ya sahihi: Mke wangu ameisoma barua hii akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe hapa kwenu maumivu yakiwa mabaya ndiyo hupewa alama nyingi. Kamwambia nesi, naye kaniletea dawa ya kweli, tukangoja ikolee, ndipo akanishika mkono nikalikunja goti. Soksi ya mguu ule nimeivaa mwenyewe, na mke wangu ameona. Tafadhali nesi asiguswe. Mwandikie kumi kwa kumi. Nimesahihisha mara mbili, sikukosea.