Tajiri wa Melbourne Kwenye Simu

Garth Winslade alikuwa amesimama nje ya duka la mikate la Mullagong, mji mdogo wa Australia, pai ya nyama mkononi na mchuzi kidevuni, alipoliona tangazo. Makumbusho ya vita ya mji huo yalikuwa yanatafuta wazungumzaji wa Jumapili. Paa linavuja, tangazo lilisema, na lisipotengenezwa kabla ya majira ya baridi baraza la mji litafunga jengo, na kila kilichomo kitapelekwa kwenye ghala huko Sydney. Mtu mwingine angesikitika. Garth alifuta kidevu, akasoma mara ya pili pale palipoandikwa kwamba kila mazungumzo yatafuatiwa na mnada, na mate yakamjaa upya.

Bwana huyu, ni vizuri tumjue mapema, hakuwahi kushika bunduki hata ya kuchezea. Alichowahi kushika ni pesa za watu. Aliwahi kuuza viwanja vilivyokuwa chini ya ziwa, na dawa ya kuotesha nywele iliyonukia samaki wa kukaanga. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Ya Garth yalimtoa nyoka, kisha yakampangisha pango lake mwenyewe.

Alhamisi aliingia makumbusho akiwa Meja Winslade, mstaafu. Mwenyekiti wa kamati, Noelene Strickland, mama wa miaka sabini na ushei, alikuwa juu ya ngazi akikung'uta maji kwenye bendera. Garth alimshikia ngazi kwa adabu zote na kumsimulia habari za marehemu babu yake, mpiga tarumbeta wa kikosi katika Vita Kuu ya Kwanza, ambaye tarumbeta lake lipo hapo nje garini. Lilikuwepo kweli. Alilinunua juzi kwenye duka la mitumba, dola kumi na tano, na mwenye duka alimwongezea kikombe. Sasa alikuwa tayari kulitoa linadiwe: nusu ya fedha iende kwenye paa, nusu apewe yeye awafikishie wajane wa kikosi.

"Vita ile ina zaidi ya miaka mia," Noelene alisema. "Hao wajane bado wapo?"

"Wajukuu wa wajane, mama," Garth alijibu bila kupepesa jicho. "Uchungu unarithiwa."

Noelene aliitafakari hiyo, akashuka ngazi, akamwandika kwenye ratiba.

Jumapili ukumbi ulijaa. Chai ilimiminwa, keki za nazi zikazungushwa, na Garth akapanda jukwaani na koti jeusi lililopigwa pasi, nishani tano zikimeremeta upande wa kushoto wa kifua. Akazigusa kwa vidole, sauti ikamkwama kidogo pale alipotaka ikwame, akasema: "Hizi ni za babu."

Hapo ndipo mjanja wetu alipoingia choo cha kike. Katika nchi ile hata mtoto wa chekechea anajua kwamba nishani ulizozipata mwenyewe hukaa kushoto, na za marehemu wako hukaa kulia. Kuvaa kushoto zisizo zako si ushamba tu, ni kesi. Watu sitini walikitazama kifua kile.

Noelene alikasirika hasa. Kaka yake hakurudi kutoka vita vya Vietnam, na jina lake lilikuwa ukutani, hatua tatu nyuma ya mgongo wa yule tapeli. Karibu naye alikaa Vic Dunstable, aliyekuwa akitunza bunduki za makumbusho, na kabla ya hapo alikuwa sajini wa polisi kwa miaka thelathini. Vic alikoroga chai yake kuliko sukari ilivyohitaji.

"Nimtoe?" alinong'ona.

"Muache kwanza," Noelene akasema. "Anazungumza vizuri, na sisi tuna paa linalovuja."

Kisha akainuka na sahani ya keki, akainama kwa Clem Hargrave, mfugaji wa kondoo mwenye pesa kuliko wote pale, akamwambia jambo sikioni. Garth aliiona ile sahani tu.

Mnada ukaanza, Noelene akishika nyundo. Clem akataja dola mia tano. Garth akatoa simu, akaiweka sikioni kwa heshima, akatangaza kwamba kuna tajiri mmoja wa Melbourne, mkusanyaji wa vitu vya kale, anayefuatilia kutoka mbali, naye anatoa elfu moja. Clem akasema elfu mbili. Tajiri akasema elfu tatu. Walikwenda hivyo hivyo, Clem akizidi kuwa mwekundu na tajiri wa Melbourne akizidi kuwa mkaidi, mpaka Clem akafika elfu saba. Mwenye busara angeishia hapo. Lakini Garth alimtazama yule mfugaji akipumua kwa hasira, akaona kondoo aliyejileta mwenyewe kunyolewa.

"Melbourne anasema elfu tisa," alitangaza.

Clem alivua kofia, akajikuna upara, akavaa tena. "Basi," alisema kwa upole. "Mimi mchunga kondoo tu. Tajiri kanishinda."

Noelene aligonga nyundo kabla neno halijapoa, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Garth akapiga pia, maana mikono yake haikujua ifanye nini kingine. Halafu akasema simu imekatika, mtandao wa huku wanaujua wenyewe.

"Mpigie tena, Meja," Vic alisema. "Weka sauti ya juu, tumpongeze wote."

Garth hakuwa na pa kutokea, maana Vic alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa na mwili wa mlango. Akabonyeza. Sauti ya kike, tamu kabisa, ikautangazia ukumbi kwamba simu hiyo haina salio tangu Jumatatu.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomtisha. Vic alimweleza taratibu kuhusu nishani, mkono upi ni upi, na hakimu wa wilaya ana maoni gani. Noelene akaongeza kwamba katika nyumba hii anayeshika simu ndiye anayenunua.

"Sina elfu tisa, mama," Garth alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa anasema kweli.

"Najua huna. Lakini mdomo unao."

Wakakubaliana hivi: funguo za gari lake zikae kwa Vic, naye azungumze kila Jumapili, bila malipo, mpaka viingilio vitimize elfu tisa. Matangazo yalibandikwa hadi miji ya jirani: *Namna ya Kumtambua Mwanajeshi Bandia. Mzungumzaji: Garth Winslade, si Meja.* Tiketi ziliisha Ijumaa. Jumapili mabasi mawili ya wastaafu yaliegeshwa nje, na mafundi wa paa walikuwa wameshaleta mabati.

Garth alifika mapema, amechana nywele, na kusema kweli alikuwa na fahari kidogo, kwani hakuwahi kujaza ukumbi kwa jina lake halisi. Mlangoni Noelene alikuwa ameketi nyuma ya meza na kisanduku cha bati.

"Dola kumi," alisema bila kuinua macho.

"Mama, mimi ndiye mzungumzaji."

"Ndivyo unavyosema wewe," Noelene akajibu. "Nyumba hii imeshachoka na watu wanaosema wao ni fulani. Dola kumi, na usinizuilie foleni."

Garth aligeuka. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika barabarani. Akajipekua mifuko yote mitatu, akalipa.