Mawese Juu ya Lenga-lenga

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Habari kubwa! Padri mpya anapokelewa Jumapili. Siku hiyo jumuiya yetu itatoa kapu lake la kila mwaka la lenga-lenga, yaani mchicha, na mwenye bustani ya kijani zaidi ndiye atalibeba mpaka altareni. Ni mimi. Nani mwingine? Yuko jirani Alphonsine, muuza vitenge, lakini huyo amezoea tu kubeba kila mwaka. Mazoea si kipaji.

Shida ni maji. Jua la Septemba hapa Likasi halina huruma, na bomba linakohoa hewa. Tena mama mkwe, Mama Hélène, amekuja kutoka Kakanda. Kwa heshima ya ukwe hatuongei uso kwa uso. Basi alisimama karibu yangu kabisa, akamwambia mke wangu Orpha: ambia bwana yako, mboga yake iko na kiu, na yeye iko na kinywa tu. Nimeumia. Jumapili ataniona!

Jumanne, 9 Septemba
Orpha ni mwalimu. Leo tukila bukari, ugali wetu, kaeleza kwamba majani yana vitundu vidogo mno, vingi viko upande wa chini, na maji ya mmea hutokea humo. Jua likizidi, mmea huvifunga. Mara nyingine hulegeza majani ili jua lisiyapige sawasawa. Na majani mengine yana nta ya kutunza maji.

Aliendelea kusema, ila mimi nilikuwa nimeshaelewa. Maji yanatokea kwenye tundu? Ziba tundu! Ajabu hakuna aliyewaza hivyo kabla yangu.

Jumatano, 10 Septemba
Asubuhi nimepaka mawese majani yote, juu na chini, kwa brashi yangu ya kunyolea. Orpha kaona chupa tupu, kapiga kelele. Nimemwambia sayansi ina gharama.

Mchana, ushindi! Lenga-lenga zangu zimesimama, zinang'aa kama viatu vya Pasaka. Za Alphonsine zimelegea, majani yananing'inia. Nimemwita ukutani nimpe pole. Kajibu eti jioni zitaamka. Maskini! Mama Hélène katazama bustani yangu, kanyamaza. Mama mkwe akinyamaza, hiyo ni medali.

Alhamisi, 11 Septemba
Jana jioni za Alphonsine ziliamka kweli. Zote! Nimekosa usingizi kwa hasira.

Leo sisimizi wa mtaa mzima wako kwangu. Mchana bustani imeanza kunukia. Harufu nzuri, nisiseme uongo. Wapita njia wameuliza tunapika nini.

Ijumaa, 12 Septemba
Majani yamekuwa ya kahawia. Yamejikunja, yanavunjika ukiyagusa. Mama Hélène kamwambia Orpha, mimi nikiwa katikati yao: huyu mkwe fundi kweli, anakaanga mboga mbele ya kuivuna! Wamecheka mpaka Orpha kakaa chini.

Mimi sikucheka. Nilitaka kitu kimoja tu, yule mama anione mbele ya watu nikiwa nimebeba kitu cha maana. Roho inaniuma.

Orpha kaeleza upya: vitundu vile ndivyo mmea unapumulia, na maji yanayotoka huupoza. Mmea wenyewe unajua saa ya kufunga na ya kufungua. Nimeuliza kwa nini hakusema. Kajibu alisema, ila sikio la kufa halisikii dawa.

Jumapili, 14 Septemba
NIMEBEBA! Kabla ya misa Alphonsine kabisha hodi. Kapu lake limejaa mno, mgongo unamsumbua, kaomba nishike mkono mmoja wa kapu. Tumepanda hadi altareni tukicheza, kapu katikati. Nimehakikisha niko upande wa Mama Hélène. Nje ya kanisa kamwambia Orpha, kwa sauti: ambia bwana yako, leo amependeza. Machozi yamenitoka. Nimesingizia vumbi.

Voilà! Sasa nimewaza kwa utulivu. Sayansi yangu haina kosa. Kosa ni la mawese, maana mawese ni chakula. Jani linataka nta, Orpha mwenyewe alisema, na nyumbani tuna boksi zima la mishumaa. Nimeshamwahidi padri, mbele ya watu, kwamba mwaka ujao nitabeba kapu peke yangu.

Nimerudi mbio kuyeyusha mishumaa. Orpha kaficha kiberiti. Ee Mungu wangu, wivu umeingia mpaka ndani ya nyumba.