Hotuba Yangu kwa Baba Mkwe wa Ouma

Jamani, leo sina pa kuuweka uso huu. Nimejifungia bafuni kwenye nyumba ya watu, mji wa Ghent, nchi ya Ubelgiji, na ninawaandikia nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Huko nje bendi inapiga. Watu wanacheka. Najua wanamcheka nani.

Wanaonijua wanajua nilivyofika Ulaya. Kikundi cha ngoma cha kwetu kilialikwa kwenye tamasha, kikahitaji mtu wa kubeba ngoma na kusimamisha hema. Mimi nimebeba mitumba Kibuye, nimebeba mawe Kisian, nimebeba samaki Dunga. Ngoma ni nini? Tamasha likaisha, wenzangu wakarudi nyumbani, mimi nikaona viza yangu bado ina uhai. Nikampigia Ouma.

Ouma tulikua pamoja Obunga, mtaa wa kwetu Kisumu. Siku hizi anatunza wazee huku Ubelgiji. Ana baiskeli, ana skafu, na anasema asante hata kwa mlango unaojifungua wenyewe. Akaniambia njoo Ghent, tutembee wikendi hii. Na kweli tumetembea. Tumepanda mnara. Tumepiga picha kwenye kila daraja. Tumekula viazi vya kukaanga kwenye karatasi (ni chipsi, lakini wanavisimulia kama muujiza). Nimemuuliza muuza chokoleti maswali mengi mpaka akajifanya anapigiwa simu.

Lakini safari ilikuwa na jambo lake. Ouma ana mchumba, anaitwa Lotte, na leo alikuwa anaenda kuonana na babake kwa mara ya kwanza. Mtu wa kwetu haendi ukweni peke yake. Anaenda na ndugu, na ndugu ndiye anayeongea. Yeye mwenyewe anatazama chini na kuonekana ana adabu. Sasa ndugu zake Ouma wote wako Kisumu. Kwa hiyo ndugu ni mimi. (Hapo ndipo mngeanza kumwombea.)

"Leo ikiharibika imeharibika," Ouma aliniambia asubuhi huku akinipigia shati pasi. "Huyo mzee amesema anataka kuona mimi ni mtu wa aina gani. Hatanipa nafasi nyingine. Kwa hivyo wewe, omera, ndugu yangu, punguza mdomo."

"Si ndugu ndiye anaongea?"

"Aongee kidogo. Na uvae nyeusi. Lotte amesema watu wote nyeusi."

"Kwa nini nyeusi?"

"Wewe na maswali yako! Vaa tu, bwana."

Alasiri, Ouma na Lotte wakapitia kuchukua maua. Mimi kungoja siwezi, mnanijua. Nikaambiwa basi nitangulie: fuata mfereji, vuka daraja, tafuta geti la kijani. Nikalipata. Lilikuwa wazi. Nikachungulia.

Nikalishika geti kwa mikono miwili.

Uani kulikuwa na hema jeupe. Chini ya hema, viti vya plastiki kwa safu. Watu wote wamevaa nguo nyeusi. Bendi ya tarumbeta inapiga wimbo wa polepole. Karibu na mlango wa nyumba amesimama mama mwenye mvi, macho mekundu, na kila anayeingia anamkumbatia. Jikoni sufuria zinagongana. Na mbele, kwenye meza yenye maua na mishumaa, kuna picha kubwa ya mzee mwenye masharubu kama ufagio. Chini ya picha wameandika jina lake na umri wake.

Nyinyi watu wa Kisumu, niambieni. Hema. Viti. Nyeusi. Bendi. Picha. Umri! Nani kati yenu angesimama hapo aanze kuuliza? Hata mtoto wa chekechea wa Obunga angejua amefika wapi, na angeanza kuangalia chakula kinapakuliwa upande gani.

Babake Lotte amekufa! Na Ouma hajui! Nikamwona akilini mwangu, anaingia na maua, meno yote nje, anapungia watu mkono katikati ya msiba. Posa imeishia hapo. Nikampigia. Simu ikaita, ikaita, ikanyamaza. Nikapiga tena. Wapi!

Basi nikaamua kumwokoa rafiki yangu.

Mnajua mkwe anavyoingia matangani kwetu. Haingii akitembea. Anaingia mbio, analia kuanzia getini, ili wafiwa waone ameguswa. Nikavuta pumzi. Nikaweka mikono kichwani. Nikachomoka.

"Uuuwi! Baba! Baba, umetuachia nani? Uuuwi!"

Nikalizunguka hema. Nikapita kati ya viti. Nikajitupa kwenye nyasi mbele ya picha. Bendi ikanyamaza. Halafu nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia matangani tangu nizaliwe.

Makofi.

Nikajiambia, labda huku ndivyo wafiwa wanavyoshukuru.

Yule mama mwenye mvi akaja akaniinua. "Wewe lazima ni ndugu yake Ouma! Lotte alituambia uko na watu wa ngoma."

"Pole sana, Mama," nikamwambia, na machozi yalikuwa ya kweli (goti lilikuwa limepata jiwe). "Pole sana. Tulikuwa tunakuja kumwona akiwa hai."

Mama akanitazama. Akamtazama jirani yake. Jirani akainua mabega. Mama akatabasamu kwa adabu nyingi sana. "Asante," akasema.

"Naomba kusema machache kwa niaba ya wakwe."

Wakanipa maiki ya bendi. Jamani, wakanipa maiki!

Sasa, mimi shule niliiacha mapema, na Kiingereza changu nimekiokota kwa watalii wa Dunga. Lakini hotuba ya matanga haitaki sarufi. Inataka sauti na uongo kidogo, na matanga mimi nimeyala mengi. Unaanza kwa kujitambulisha kwa urefu. Halafu unasema wewe na marehemu mlikuwa chanda na pete, hata kama hamkuwahi kuonana, na kwamba wiki iliyopita alikupigia simu. Kila anayeshika maiki alipigiwa simu. Marehemu wa kwetu huwa hapati hata nafasi ya kuugua, yuko kwenye simu tu.

Nikasema yote. "Wiki iliyopita mzee alinipigia. Akaniambia, mwanangu, nakuachia huyu Ouma." Watu wakacheka kidogo. Nikawahurumia, uchungu umewazidi. Nikasema nyumba hii imebaki giza. Nikamwambia mama asiogope, Ouma atamkatia nyasi, Ouma atampeleka sokoni, Ouma sasa ndiye mwanamume wa boma hili. (Wana wawili wa mzee walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Mmoja akaacha kutafuna.) Nikauliza kama kuna mheshimiwa yeyote kati yetu asimame tumtambue. Mtu mmoja akasimama nusu, akafikiri, akakaa.

"Na sasa naomba tusimame sote, tumpe mzee wetu dakika ya kimya."

Watu wa huku ni wa utaratibu. Ukiwaambia simameni, wanasimama. Vichwa vikainama. Nikasikia maji ya mfereji.

Katikati ya kimya hicho Ouma akaingia na maua yake. Lotte alikuwa bado nje anafunga baiskeli. Ouma akaona watu wameinamisha vichwa, akaniona mimi mbele na maiki, akaja akinyata.

"Kuna nini?" akaninong'oneza.

"Jikaze, omera. Mzee ametutoka."

"Mzee gani?"

"Baba mkwe wako."

"Lakini si leo ni siku yake ya..." Hakumaliza. Maua yakaanguka. Uso ukakunjamana. Ubelgiji yote ikamtoka mara moja, skafu na kila kitu, akabaki kijana wa Obunga.

"UUUWI! BABA!"

Kwenye maiki, maana niliishika katikati yetu.

Lotte akaingia mbio, kufuli ya baiskeli mkononi. "Papa? Papa amefanya nini?"

Hapo ndipo nilipomwona. Mlango wa stoo ya chini ya nyumba ulikuwa umefunguliwa. Mbele yake alisimama mzee, kreti ya bia miguuni, kofia kifuani, kichwa kimeinama kama wengine wote. Alikuwa ameenda kuchukua vinywaji, akarudi akakuta watu kimya, naye kwa heshima akanyamaza. Sasa akainua kichwa.

Masharubu kama ufagio.

"Samahani," akasema kwa upole. "Tunamlilia nani?"

Akageuka akaitazama ile picha. Akanitazama mimi.

"Nimekufa lini?"

Jamani, nilipiga ukelele mwingine, na huo haukuwa wa mila. Nilikuwa nyuma ya mpiga ngoma kubwa kabla sijajua nimefikaje.

Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mzee. Ouma alijua tangu mwanzo, akanificha. "Wewe ukisikia sherehe hutulii!" alinifokea huku akijifuta kamasi na skafu. "Ungekuja na lile shati la maua!" Nguo nyeusi ni sare ya bendi ambayo mzee aliiongoza ujanani, na wageni waliombwa waivae kumheshimu. Mama alikuwa analia kwa furaha, mwanawe mmoja amefika kutoka mbali.

"Lakini Mama, mbona hamkunizuia?" nikamuuliza.

"Tulidhani ni mila yenu," akasema. "Tuliogopa kukukosea heshima."

Watu wote wale! Wameketi, wamesimama, wamemlilia mtu aliyeenda kuchukua bia, ili tu wasinikosee heshima. Jirani mmoja akaongeza kwamba aliiona mila nzuri sana.

Ouma hakuwa anasikia. Alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, hawezi kuinua macho. Kumlilia mtu hai kwetu ni kumwitia mauti, na yeye alikuwa ameita kwa maiki. "Nimeisha," alikuwa akisema. "Nimeisha mimi." Lotte akamshika bega. Mzee akaja akasimama mbele yake, na watu wakanyamaza tena, safari hii bila kuambiwa.

"Wewe ndiye Ouma?"

"Ndiyo, Baba."

"Hujawahi kuniona."

"Hapana, Baba."

"Na umelia namna hiyo?"

Mzee akawageukia wanawe. "Nyinyi nimewaona nikiwa pale mlangoni. Dakika yangu ya kimya! Mmoja anaangalia simu. Mwingine anatafuna."

Kisha akamwinua Ouma kwa mkono, akamketisha kando yake kule mbele, na sahani ya kwanza iliyotoka jikoni akapewa Ouma.

Kwa hiyo rafiki yangu amekubaliwa. Mimi ndiye sijapata amani. Mzee anataka nimalizie hotuba, anasema nilimkatisha akiwa ameanza kujipenda. Shangazi mmoja wa Lotte alichelewa kuwasha simu arekodi video, anaomba niingie tena mbio kuanzia getini. Ninavyoandika hivi wanagonga mlango wa bafu.

Video ikifika Kisumu, nawasihi msicheke. Atakayecheka ajue hotuba bado ninayo kichwani, ni jina tu la kubadilisha.