Feni Mpya Zimeniumbua Mbele ya Mama Mkwe

Leo nimeaibika, jamani. Tena siyo aibu ya kujifungia chumbani ukalia kidogo ikaisha. Ni aibu ya kufunga duka.

Asubuhi hii nimechomoa waya wa kompyuta ukutani kwa hasira, kazi ya mteja ikiwa katikati ya kuprintiwa. Kijana wa chuo. Aliruka utadhani shoti imempiga yeye.

"Dada! Kazi yangu!"

"Kazi yako itasubiri. Mwanangu kwanza."

Kwa wasionijua: nina steshenari hapa Mabatini, chumba kimoja, kompyuta moja ya mtumba, na binti yangu Koku ambaye bado anajifunza kutembea. Kitanda chake cha mchana ni boksi la karatasi nyuma ya kaunta. Sasa ndani ya kompyuta kuna kile kiboksi kinachogawa umeme, mafundi wanakiita pawa saplai. Changu kina feni mbili za kukipoza, na zilikuwa zinalia kama mashine ya kusaga dona. Koku akisinzia tu, krrrrr! Analia. Nambembeleza, namlaza. Krrrrr! Nimevumilia muda mrefu, lakini leo uvumilivu uliisha, kwa sababu mama mkwe alikuwa njiani kutoka Bukoba.

Na hakuwa anakuja kusalimia. Alishaniambia kwenye simu: "Mtoto halali, hanenepi, anakulia kwenye makelele. Nikikuta bado yako hivyo, mjukuu wangu naondoka naye."

Mume wangu yuko Geita kikazi. Nikampigia. Akasema, "We msikilize tu mama." (Asante mume wangu. Mungu akuzidishie.)

Basi, kompyuta mikononi, Koku mgongoni, mpaka kwa fundi mmoja Mirongo. Nikamwambia feni zote mbili abadilishe, na humo ndani asafishe vizuri, maana wale wadudu wa ziwani walishaingia. Mnawajua, wanaokuja mjini kama wingu la moshi, ukifungua mdomo umewala. Ukiwasha taa wanajaa mpaka kwenye sufuria.

"Dada kaa pale. Hii kazi ndogo."

Kazi ndogo! Akatoa feni za zamani, akafunga mpya, muda wote anabishana mpira na jirani yake. Brashi sikuiona. Kitambaa sikukiona.

"Umesafisha?"

"Feni mpya hizo dada, zinajisafisha zenyewe."

(Nimesoma fizikia mpaka kidato cha nne, na bado nikanyamaza.)

Akawasha. Kimya! Nusura nimkumbatie. Akaniambia mfuniko wa ubavuni nisiurudishie, niache wazi ipate hewa. Nikamshukuru. Nikamshukuru kabisa, kwa mikono miwili.

Mchana mama mkwe akaingia dukani kutoka stendi ya Nyegezi. Kitenge kipya, kilemba cheupe pee.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama Koku. Mtoto yuko wapi?"

"Amelala, mama."

Akachungulia nyuma ya kaunta. Kweli amelala, mdomo wazi, hana habari. Na wakati huo huo kurasa za yule kijana wa chuo zinatoka moja baada ya nyingine, wateja wengine wamesimama wanasubiri zamu. Mama mkwe akatafuta kosa, akalikosa. Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda. Lakini mimi na sifa!

"Mbona siisikii hiyo mashine yako?" akauliza. "Au umeizima kunidanganya?"

"Sogea mama. Weka sikio hapa uisikie inavyopumua."

Akainama. Akaweka sikio kwenye ule ubavu ulio wazi. Kisha akageuka, akaweka uso mzima, anatabasamu. Tangu niolewe alikuwa hajanitabasamia.

Kumbe kiboksi kimeshapata joto, na feni hizi zikipata joto zinaongeza mwendo. Na kumbe fundi amezifunga kinyume! Badala ya kutoa hewa nyuma, upande wa ukutani, zinaisukumia ndani, itokee ubavuni. Na kila kilichokuwa kimeganda humo kikaachia kwa mara moja.

Puuuuu!

Vumbi jeusi. Wadudu wakavu. Mabawa, miguu, ukoo mzima. Usoni, mdomoni, kwenye kilemba kile cheupe utadhani kimenyunyiziwa pilipili manga. Mama mkwe akapiga yowe ambalo feni za zamani hazijawahi kulifikia. Koku akaamka, akamwona bibi yake alivyo, akalia kama kaona jini.

"Pole bibi," akasema yule kijana wa chuo. "Meza tu, hiyo ni mboga."

Duka zima likacheka. Mmoja akatoa simu akapiga picha. (Wewe ninakujua. Ifute.)

Mama mkwe akatema. Akajifuta polepole. Akaongea kwa sauti ya chini, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Umeniambia mwenyewe niweke uso."

"Mama, ni fundi..."

"Panga nguo za mtoto. Kesho asubuhi tunaondoka."

Nikafunga duka, nikamrudia fundi mbio. Mnajua alichoniuliza? "Dada, si ulilalamikia kelele? Kelele zipo?" Nikasema hazipo. "Sasa?"

Sasa! Nilikwenda moja kwa moja ofisi ya mtaa wake. Mtendaji, baba mtu mzima, akanikaribisha kiti.

"Unataka akurudishie hela?"

"Sitaki hela, baba. Nataka leo jioni aje kwangu, asimame mbele ya mama mkwe, aseme kwa mdomo wake kwamba feni amezigeuza yeye."

"Mwanangu, mambo ya mama mkwe ofisi hii haiyashughulikii."

"Hili ni jambo la feni."

Akageukia dirishani. Mabega yanamtikisika. Mtumishi wa umma, anacheka! Alipotulia akachukua kalamu, akaniambia nitaje lalamiko taratibu. Nikalitaja, na ameliandika hivyo hivyo na kuligonga muhuri: "Namlalamikia fundi huyu kwa kufunga feni kinyume bila kutoa wadudu, na kwa kuninyang'anya mtoto kwa kutumia bisibisi."