Sanduku la Baba Mkwe na Linux Yangu

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Nimejiingiza mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma.

Tulikuwa Kanyosha kwa mama mkwe, kikao cha familia. Jumamosi tunamaliza matanga ya baba mkwe, mzee Aloys. Mwaka umetimia. Mama mkwe akaleta mezani sanduku jeusi, ukubwa wa mkate. Mzee alilinunua zamani kuhifadhia picha na video za nyumba nzima. Lina diski mbili ndani, na unaliunganisha na mtandao wa nyumbani ili kila mtu atazame. Waliolitengeneza wamelisahau miaka mingi, kompyuta mpya hazitaki kusemezana nalo. Tangu mzee afariki halijafunguka. Na humo, anasema mama mkwe, mzee alijirekodi kabla ya kwenda. Anataka tumwone Jumamosi.

Darius akajitolea kulipeleka kwa fundi, mtaa wa Asiatique. Darius ni mwanyumba wangu, kamuoa dada wa Chanelle, mke wangu. Anafanya kazi benki. Anavaa tai hata kwenye kuchoma nyama. Nikausikia mdomo wangu ukisema fundi wa nini, mimi nalifufua kwa Linux.

Linux! Huo mfumo wa kompyuta nimeuona kwenye video tatu. Ya tatu sikuimaliza.

Mama mkwe hagombi kamwe. Anakutazama tu, nawe unakumbuka dhambi zako za utotoni. Akasema, "Léonce, mule ndani muko sauti ya bwana yangu. Kwengine haiko."

Nikasema hakuna tatizo, Mama.

Nimerudi nyumbani Ngagara na sanduku mapajani.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Nimelichomeka baada ya kazi. Likalia. Piii, piii, piii! Taa nyekundu. Chanelle akatoka jikoni na mwiko kuuliza kuna nini. Nikamwambia linasalimia.

Nimesoma sana leo. Mpango ni rahisi: unaweka Linux kwenye flashi, unachomeka flashi kwenye sanduku, Linux inakaa humo, sanduku linafufuka. Watu wa Ujerumani wamefanya. Wanaandika kwamba ilikuwa raha.

Kupakua kukafika asilimia 94, kifurushi cha intaneti kikaisha. Nikaongeza. Umeme ukakatika. Nilikaa gizani mbele ya sanduku, na nadhani lilikuwa linanitazama. Lina macho ya mama mkwe.

Umeme ulirudi saa tatu usiku. Nimepata yote. Kesho sitakwenda ofisini. Nimemwambia shefu nina jino linaniuma.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

Mungu wangu.

Niandike polepole. Sanduku halina skrini. Unalifunga kwa waya na kompyuta, linakuandikia maneno meupe kwenye weusi. Mambo yalikwenda vizuri hadi saa nne. Hapo likaniuliza Linux ikae wapi. Majina matatu ya diski: sda, sdb, sdc. Nikawaza: a ni ya kwanza, na cha kwanza nilichochomeka ni flashi. Nikachagua a. Likaniuliza kama nina hakika, kila kitu kitafutwa. Swali gani hilo la kumuuliza mwanamume? Na Chanelle alikuwa anapita na sinia la mboga za lengalenga! Nikabonyeza ndiyo, kwa kidole kimoja, kama bingwa.

Mstari ukaanza kutembea. Ndipo nikaona ukubwa wa hiyo sda. Flashi yangu ni giga 8. Hii ilikuwa na tera 2: diski ya mzee.

Nimechomoa waya wa umeme. Niliuvuta kwa nguvu mpaka saa ya mkononi ikanivuka kiganjani. Sanduku limenyamaza kabisa. Halisalimii tena.

Nimemuua baba mkwe mara ya pili.

Chanelle kauliza mbona sili. Nikamwambia Linux inahitaji kupumzika. Akasema hakuuliza habari za Linux.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Bado nina jino.

Mpango wa kwanza: wezi wameliiba. Lakini wezi wa wapi, Chanelle yuko nyumbani kutwa. Mpango wa pili: niigize sauti ya mzee, nirekodi, niseme picha imeharibika ila sauti imebaki. Nilijaribu chooni. Nikakohoa kama yeye, nikasema "wanangu". Jirani yetu Saliha akauliza kupitia ukuta kama kuna mtu anakufa humo.

Mpango wa tatu: fundi. Kwa siri!

Mafuta ya magari hakuna mjini, basi nimekwenda Asiatique kwa miguu, sanduku ndani ya mfuko wa mchele, kofia hadi kwenye nyusi. Benki ya Darius iko mtaa wa pili. Fundi anaitwa Murhula, mtu wa Bukavu, ana kibanda kimejaa kompyuta zilizopasuliwa. Nikamwambia sanduku ni la rafiki yangu, mpumbavu mmoja. Murhula akasema ndiyo, marafiki wa hivyo wanamjia kila wiki.

Akatoa diski zote mbili. Ya kwanza akatikisa kichwa. Akaniuliza kama mwenye sanduku aliandika kila kitu mara mbili, diski moja kioo cha mwenzake. Nikasema naam, bila shaka. Sikujua chochote. Akaichukua ya pili, akaifunga kwenye kompyuta yake. Na kompyuta yake, nikaona, ni Linux.

"Linux haiko dawa, ndugu," akasema. "Iko luga tu. We ulisema futa, yenyewe ikasikia."

Nilitaka kumkumbusha habari ya rafiki. Nikaiacha.

Kisha Darius akaingia!

Nilikuwa chini ya meza kabla sijafikiri. Paji la uso kwenye goti la Murhula. Darius alileta simu yenye kioo kilichovunjika. Akakaa, akaanza kuongea kama mtu aliye kwa padri. Jumamosi atahutubia kwa niaba ya wakwe, na hotuba zinamtia homa. Usiku halali. Angekuwa na moyo kama mwanyumba wake Léonce! Léonce amechukua sanduku la mzee bila kutetemeka. Yeye asingethubutu hata kuligusa, angeogopa kulipoteza.

Murhula akasema, "Kuogopa iko vizuri. Mutu anaogopa, anauliza kwanza."

Na goti lake likanigonga, nadhani kwa makusudi.

Nimeandika hapa ili nisisahau: Darius anaogopa hotuba. Itanifaa.

Alipoondoka, Murhula alinionyesha skrini. Diski ya pili iko hai. Picha, video, yote. Nimelia, lakini kidogo, na kulikuwa na vumbi.

Ijumaa, tarehe 12 Septemba

Jino limepona. Mchana nimekimbia tena kwa Murhula. Amenunua diski mpya badala ya ile niliyoiua, akaweka Linux sawasawa, akanakili kila kitu, na nakala ya tatu amenipa pembeni. Akanifundisha namna ya kuliwasha. Aliniuliza kama nimeelewa. Nikasema nilijua tangu zamani.

Chanelle kaona taa ya kijani. Akanishika bega. Kasema kumbe naweza. Nikaendelea kulipangusa sanduku vumbi. Kunyamaza si uongo.

Kuna faili moja ya mwezi wa mwisho wa mzee, jina lake "Kwa watu wangu". Nikaifungua kuijaribu. Mzee akakohoa. Kikohozi chake chenyewe! Nywele zilinisimama, nikafunga kila kitu, nikatoka nje. Sijui anasema nini humo. Naogopa kujua. Naogopa pia kutojua.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Watu kama mia na hamsini Kanyosha, chini ya turubai. Nguo za kilio zimevuliwa. Darius alihutubia akitetemeka, na watu walidhani ni huzuni, wakampenda zaidi. Sikuwa na nafasi ya kuitumia ile siri.

Kisha mimi. Televisheni, waya, sanduku. Nilimwomba Mungu umeme usikatike, halafu nikamwomba ukatike. Haukukatika.

Mzee akatokea kwenye kiti chake, na fulana ya singlendi. Turubai lote likasogea mbele. Akasema kama tunaona hii, yeye hayuko tena, na tusimsingizie mtu. Akamshukuru mkewe kwa miaka arobaini na mmoja, kwa maharagwe, kwa kumvumilia. Mama mkwe alishika mdomo. Kisha mzee akainamia kamera, akamwita mkewe kwa jina.

"Jovithe, neno la mwisho. Kitu kikiharibika humu nyumbani, usimupatie Léonce. Ni mutoto muzuri. Lakini alitengeneza redio yangu, na mpaka leo inaongea mara moja kwa juma."

Watu mia na hamsini! Walicheka mpaka chupa zikaanguka. Niliomba ardhi ipasuke. Haikupasuka, Kanyosha udongo ni mgumu. Lakini mama mkwe naye alikuwa anacheka, kitenge usoni, mabega yakiruka. Chanelle anasema hajamsikia akicheka mwaka mzima. Halafu kicheko kikageuka kilio, na mabinti wakamkumbatia.

Baadaye akanijia. Akanitazama kwa yale matazamo yake. Nikaona sasa anajua yote: diski, chooni, mfuko wa mchele. Akasema tu, "Alikataza. Na we umemuleta."

Nilikuwa tayari kuungama. Naapa. Jina la Murhula lilikuwa limefika kwenye meno. Hapo Darius akaja kunishika mkono, macho mekundu, akaniuliza mwanyumba, umewezaje.

Nikasema ni mikono tu.

Jumatatu, tarehe 15 Septemba

Mkutano ofisini kwetu, tarafani. Shefu kasema ile kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma imezimika tangu Ijumaa. Humo kuna vizazi vyote vya tarafa, kila mtu aliyezaliwa na kuandikwa. Nakala nyingine hakuna. Wakubwa wanataka kuita wataalamu kutoka nje, itachukua miezi. Akauliza kama kuna yeyote hapa anayejua mambo hayo.

Watu wote wakatazama viatu vyao. Nami nilitazama vyangu. Nilipoinua macho, nikauona mkono mmoja uko juu, peke yake, chumba kizima.

Mkono huo ulikuwa umevaa saa yangu.